Msaada ulifika… mpakani

Jirani yangu hapa Kilimani ni mama wa Kisudani kutoka El Fasher, mji wa Darfur, magharibi mwa Sudan. Jana tukinywa chai nikamuuliza: kwani misaada haifiki kwenu?

"Inafika, mwanangu. Inafika mpakani."

Februari 2024 serikali ya jeshi, iliyohamia Port Sudan, ilikataza chakula cha msaada kupitia Adre, kivuko cha kutoka Chad kuingia Darfur. Eti RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi hilo, wanapitishia silaha hapo. Sasa fikiria: upande wa Darfur wanaushika RSF wenyewe. Mwenye bunduki haombi kibali. UN ndiyo inayoomba. Kwa hiyo kilichokwama ni mtama. UN wakaelekezwa Tine, kivuko kingine cha Chad, njia ndefu, mvua zikaja, barabara zikawa tope. Agosti njaa ikathibitishwa Zamzam, kambi ya waliokimbia vita karibu na El Fasher, ndipo Adre ikafunguliwa.

(RSF nao wamezingira miji na kupora. Siwatetei hata kidogo.)

Dada wa jirani yangu alikuwa Zamzam. Mama huyu alimtumia pesa kwa simu, lakini sokoni hapakuwa na unga wa kununua.

Anayejua Wasudani hapa Nairobi wanaochangia yale majiko ya kijamii ya kule, yanayopikia wenye njaa, aniandikie inbox.