Mnada wa vyombo vyangu, na shangazi aliyeweka dau

Mume wangu alipohamishiwa Dodoma tulitajiwa laki tisa za Fuso kuhamisha vyombo vyote kutoka Tabata. Nikachukua daftari nikazunguka nyumba. Chini ya kitanda nikakuta seti tatu za hotpoti ambazo hazijawahi kutoka kwenye boksi, blenda mbili, glasi zisizo na idadi, na seti ya chai yenye maua ya bluu. Vyote vya kicheni pati, mwaka 2017. Kulipia Fuso libebe zawadi ambazo sijawahi hata kuzifungua nikaona ni wazimu.

Mwanzo niliviweka kwenye stetasi kama kila mtu, picha na bei. Siku nne nzima ni "mwisho bei gani?" Nikitaja, kimya. Mwingine alitaka friji kwa bei ya feni. Aliyenishtua ni jirani anayeuza mitumba kwa mnada mubashara TikTok. Akaniambia mtu ukimpangia bei anaringa, lakini akiona mwenzake anakaribia kukichukua, mkono wenyewe unaenda mfukoni. Nikafungua grupu la WhatsApp, nikaliita Mnada Tunahama. Nikaingiza ndugu, majirani, wanakikoba wenzangu na wazazi wa darasa la mwanangu, nao wakaingiza watu wao. Baada ya wiki tulikuwa mia na arobaini na kitu, wengi wao siwajui.

Kila jioni niliuza kitu kimoja, nikizidi sana viwili. Picha zilikuwa nne: mbele, nyuma, kitu kikiwa kimewashwa, na kasoro yake kwa karibu. Mpira wa mlango wa friji ulikuwa umechanika pembeni. Niliupiga picha nikiwa nimeweka kidole karibu ili mtu auone ukubwa wa mpasuko. Nilidhani nimejiharibia. Kumbe watu waliacha kuuliza "haina shida yoyote?" wakaanza kutaja hela. Bei ya kuanzia niliiweka chini ya kuchokoza, blenda elfu tano, dau likipanda si chini ya elfu moja. Saa 3:00 usiku, mnada umefungwa.

Hapo penye saa tatu ndipo pa kesi. Usiku wa cherehani, Singer ya kukanyaga niliyorithi kwa mama, dau lilikwama kwenye laki moja na sabini mpaka dakika ya mwisho. Kisha yakaingia mawili kwa pamoja, yote laki na themanini: la fundi mmoja wa Mwanza na la kaka wa Mbagala. Kwenye simu yangu la Mwanza lilikuwa juu. Kaka wa Mbagala akatuma picha ya simu yake, na kwake lake ndilo la kwanza! Wala hakudanganya, maana mtandao ukivuta, ujumbe wako unauona umeshakaa kwako wakati kwa wenzako bado haujafika. Grupu likawaka, mara "admini anapendelea", mara "cherehani ina mwenyewe". Nikatangaza dakika kumi za nyongeza kwa hao wawili tu, wengine watazame. Fundi akaichukua kwa laki na tisini na tano. Kuanzia kesho yake nikaweka sheria: dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, mnada unasogea mbele dakika tano nyingine, na saa inayotambulika ni ya simu yangu. Kesi zikaisha. Bei nazo zikapanda kidogo, sheria hiyo ningeijua mapema.

Malipo yalikuwa ndani ya saa ishirini na nne, ukichelewa naenda kwa aliyekufuata. TV ya chogo ilipita kwa washindi watatu hivyo hivyo, wote wa "nakucheki kesho", mwisho nikampa mlinzi wa mtaa. Kuna mmoja aliyenitumia meseji ya muamala, jina langu sahihi, kiasi sahihi, akanihimiza nikimbize mzigo basi lisimwache. Ila ilikuja kutoka namba ya kawaida ya mtu, na nilipoangalia salio halikuwa limeongezeka hata shilingi. Namba yake nikaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, nikamtoa kwenye grupu.

Kusafirisha ndiko kulikonifunza adabu. Kapeti nililiuza elfu thelathini kwa mama mmoja wa Iringa, nikajigamba kwamba usafiri ni juu yangu. Kichwani nilikuwa na elfu tano. Pale kituo cha Magufuli, Mbezi, karani wa mizigo hakupima kitu. Alilitazama kapeti, akanitazama mimi, akasema elfu ishirini. Hawaweki kwenye mizani, wanaangalia nafasi mzigo utakayokula kwenye buti, na kapeti lililoviringishwa ni refu kama mtu. Nilishusha mpaka kumi na tano, na bajaji ya kunifikisha pale ilikuwa imeshakula nane. Yaani kapeti niliuza elfu saba. Tangu hapo kabla ya kuposti kitu nilikuwa nimeshapiga simu kuulizia nauli ya mzigo, naiandika chini ya picha: Mwanza hivi, Mbeya hivi, Dar njoo uchukue. Na mzigo nilipeleka mchana wa siku moja kabla. Alfajiri, mabasi yakiwa yananguruma na abiria wanagombania siti, karani hana muda wa kubishana, anakutajia bei yake tu.

Risiti nyingi za mizigo zina maandishi madogo kwamba chombo cha kuvunjika ni kwa dhamana ya mwenyewe. Kwa hiyo bima yako ni namna ulivyofunga. Cherehani niliifungua kichwa kutoka kwenye meza, nikakizungushia mabaki ya sponji niliyopewa na mafundi sofa wa Keko, kikaingia kwenye boksi lake. Meza na miguu vikasafiri peke yake. Jina na namba ya simu ya mpokeaji nikaandika kwa maka peni pande mbili, kisha nikapitisha soltepu juu ya maandishi, maana wino ukilowa mzigo unakuwa wa yeyote. Basi likiondoka namtumia mnunuzi picha ya risiti, namba ya gari na namba ya konda. Friji lilikwenda Morogoro, na nilimsihi mnunuzi kwamba likifika alisimamishe mpaka kesho yake ndipo alichomeke, kwa sababu likilazwa mafuta ya kompresa yanahama. Alivumilia. Linagandisha mpaka leo.

Seti ya chai niliiacha mwisho. Bei ya kuanzia, elfu kumi. Dakika mbili hazijaisha, dau la kwanza: elfu ishirini. Nikatazama jina nikahisi tumbo limekuwa la baridi. Shangazi yangu wa Moshi. Binamu alikuwa amemuingiza bila kuniambia, na seti ile ni yeye aliyenipa. Nikapiga simu mbio.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unanipigia ya nini, na mnada haujaisha?"

"Shangazi, nilitaka tu nikueleze kuhusu..."

"Usinieleze. Hiyo nimeinunua Kariakoo, elfu sitini, nimesimama juani. Acha nione huko kwenu ina thamani gani."

Akakata. Watu wa grupu hawakujua lolote, wakapandisha kwa furaha zao: ishirini na tano, thelathini, arobaini. Shangazi hakumwachia mtu. Alishinda kwa elfu hamsini na mbili, na hela ikaingia kabla sijatangaza mshindi. Nikajaribu kuirudisha, akakataa katakata. "Nimeshinda kwa haki. Tuma mzigo wangu."

Sijawahi kufunga kitu vile. Kila kikombe gazeti lake, ndani kimejazwa, mkono wa kikombe umeviringishiwa peke yake. Visahani nilivisimamisha kwa ubavu, sikuvilaza, kwa sababu vikilazwa uzito wote unamwangukia wa chini. Birika nikalishindilia magazeti tumboni. Nikafunga, nikatikisa boksi sikioni, nikasikia kitu, nikafungua nikaanza upya. Mume wangu akauliza kama natuma mtoto.

Kesho yake jioni shangazi akapiga.

"Imefika. Umefunga, hata kufungua nimechoka."

"Afadhali, shangazi."

"Ila kikombe kimoja mkono umekatika." Akanyamaza kidogo, nikasikia kijiko kikigonga udongo. "Nimeshapiga hesabu, nimetoa birika na visahani. Nirudishie elfu nne."

Nikamtumia elfu nne, na ya kutolea.