Picha zilikataa kutoka baada ya kuwasha IPv6: jinsi nilivyotatua

Parseli yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, ina nyumba nne zinazotumia ruta moja ya intaneti, nami ndiye ninayeitunza. Anwani za zamani za vifaa vya intaneti, ziitwazo IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. Kwa hiyo mtoa huduma wetu alipofungua IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi, niliiwasha siku ileile.

Jioni jirani akabisha: "Yaya, intaneti imekufa!" Haikuwa imekufa. Kurasa zilifunguka, ujumbe mfupi ulienda, lakini picha ikitumwa ilizunguka tu mpaka mtu akate tamaa. Niliumia, maana watoto wake wako mbali na picha ndizo salamu zao.

Nikapima kwa pakiti, vile vipande ambamo data hugawanywa ili isafiri. Za baiti 1280 zilipita, za 1500 zilipotea. Hapo nikaelewa. Katika IPv6, ruta za njiani hazigawanyi pakiti kubwa. Huitupa na kumrudishia mtumaji taarifa ya ICMPv6, yaani ujumbe wa mtandao wa kueleza hitilafu, ili apunguze ukubwa. Nami kwa kuogopa wavamizi nilikuwa nimezuia ICMPv6 yote inayoingia kutoka nje, mazoea ya IPv4. Simu zetu hazikuambiwa kitu, zikaendelea kutuma pakiti zilezile.

Nilifungua taarifa ya aina ya 2, ile ya "pakiti ni kubwa mno". Miunganisho isiyoombwa kutoka nje niliiacha imefungwa, kwani kwenye IPv6 kila kifaa kwa kawaida kina anwani yake inayoweza kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Picha ya jirani ikaondoka mara moja.