Nilivyosema na aliyenisema

Mimi ni mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Malindi, na riziki yangu ni cherehani. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia Wakristo wenzangu wakiambiwa kwamba mtu akikuchafulia jina, unyamaze, umwachie Mungu, basi. Ushauri huo nilipewa na mimi, na ulikaribia kunitoa kanisani.

Ilikuwa Kwaresima ya 2025. Tulikuwa tumetoka kuchanga rambirambi ya mwenzetu aliyefiwa. Mara nasikia dada mmoja wa jumuiya anasema, mara kwenye kwaya, mara kwenye foleni ya maji, kwamba pesa zimepungua na mweka hazina amejishonea gauni. Gauni lenyewe nilikuwa nimelishona kwa kitambaa nilichobakishiwa na mteja, lakini hayo tuyaache.

Mzee mmoja wa kanisani akaniambia, "Mwanangu, nyamaza. Yesu mbele ya Pilato hakujibu kitu." Nikanyamaza. Nikikutana na yule dada sokoni naangalia ndizi. Unajua kimya changu kilisomwaje? "Mwaona? Angekuwa safi si angejitetea!" Kimya kikawa ushahidi. Na ukweli ni kwamba Yesu huyo huyo, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alisema. Yohana 18:23: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hakutukana, hakumlaani mtu, aliuliza swali. Mstari huu husikii watu wakiutaja wanapokuambia unyamaze.

Shoga yangu mmoja yeye alitaka nimpashe yule dada mbele za watu mpaka akome. Na wa tatu akanishika na Waefeso 4:26, kwamba jua lisichwe na uchungu bado ninao, kwa hiyo niende usiku ule ule nikamalize. Niende usiku, nina hasira, na yeye ana watoto wanaosubiri chakula? Nilimtumia ujumbe mfupi tu kabla ya magharibi: "Dada, kuna jambo nataka tuzungumze mimi na wewe. Sina vita nawe." Nikalala. Naamini mstari huo nimeutii, wala sikuhitaji kugonga mlango wa mtu usiku.

Kilichonisaidia kungoja nilikipata kwa jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeuza mahamri. Mwaka ule Ramadhani ilitangulia Jumatano ya Majivu inayofungua Kwaresima, iliyoangukia tarehe 5 Machi, kwa siku chache tu, kwa hiyo tulikuwa tumefunga sote. Jioni moja dereva wa tuktuk alimkaripia kwa sababu ya chenji, maneno mazito kweli. Mama wa watu akaendelea kupanga mahamri kwenye karatasi, akamwambia, "Mimi nimefunga, baba." Basi. Yule dereva akachukua vyake akaondoka. Nilipomuuliza akaniambia hayo ni mafundisho ya Mtume wao, kwamba mtu akikutukana au akitaka ugomvi ukiwa kwenye saumu, mwambie umefunga, maana ulimi nao hufunga. Nikarudi nyumbani nikafungua Isaya 58, nikakuta nabii anasema juu ya saumu ile ile: uache kunyosha kidole na kunena maovu. Kumbe nilikuwa nimeacha nyama tu.

Kesho yake kwenye mazoezi ya kwaya mmoja akanitupia, "Gauni zuri, la rambirambi hilo?" Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, "Dada yangu, nimefunga." Alinyamaza palepale. Jaribu, utaona. Ila useme ukiwa kweli umefunga, maana hapo huna budi kulitimiza.

Sasa nije kwenye ujanja ninaojivunia. Nilifunga mlango wa chumba cha cherehani, nikashika simu, nikarekodi kwenye WhatsApp yote niliyotaka kumwambia yule dada, nikajitumia mwenyewe. Sikusikiliza papo hapo. Nilipiga pasi nguo za wateja kwanza, nikachota maji, ndipo nikakaa. Maneno yalikuwa mazuri yote: "dada yangu mpendwa", "kwa upendo wa Kristo". Lakini sauti! "Mpendwa" lilitoka meno yamekazwa. Na katikati nilikuwa nimepachika "kila mtu anajua tabia yako", na "Mungu anakuona", ambayo ukiisikiliza vizuri ni laana iliyovishwa kanzu. Nikafuta. Nikarekodi tena, nikaondoa "kila mtu", nikaondoa "siku zote wewe". Nikafuta tena. Kila nikirudia maneno yalipungua, mpaka yakabaki haya: "Dada, nimesikia umesema pesa za rambirambi zimepungua. Limeniuma. Daftari ninalo hapa, naomba tuliangalie pamoja, na kama kuna pengo uliloliona, nionyeshe." Hilo la mwisho nililichukua kwenye swali la Yohana 18. Paulo anawaambia Wakolosai maneno yao yakolee munyu, na sisi tunaoishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni tunajua: kidogo chakula kinanoga, ikizidi unamwaga sufuria zima.

Mahali nako usipuuze. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu, kwa hiyo mlangoni pa kanisa Jumapili si mahali pake, na kwenye kikundi cha simu ndiyo kabisa. Kwake angeona nimemvamia, kwangu angeona nimemwita kizimbani. Tukakutana nje ya kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti, alasiri, jua limepoa na kila mmoja ameshakula. Tuktuk haikunigharimu hata mia mbili kwenda na kurudi. Nilipachagua pia kwa sababu mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na barua yake inaeleza alivyozungumza hapa na Mwislamu mmoja mheshimiwa juu ya ibada, wakaachana kila mmoja na rai yake. Nikasema, kama hao waliweza, sisi wa jumuiya moja tutashindwaje?

Nikasema yale maneno yangu machache, nikanyamaza. Hapo kunyamaza ni halali, maana umeshasema. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema jambo ambalo nisingelijua kamwe: kakake alituma mchango kwa M-Pesa, na siku niliposoma orodha jina lake halikusikika. Tukafungua daftari. Pesa ilikuwepo, ila nimeiandika kwa jina lililokuja kwenye ujumbe, la shemeji yake, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa huyo. Tukalinganisha na simu yake, tarehe ile ile, kiasi kile kile. Akaniambia, "Nisamehe, dada." Nikamsamehe, na nikamwomba, bila kupandisha sauti, kwamba pale alipolisema la kwanza aliseme na hili. Wengine wataona nilimbana. Mimi naona upole usiorudisha jina la mtu ni nusu ya upole.

Alisema kwenye kwaya wiki iliyofuata, mbele yangu. Kule kwenye foleni ya maji sijui kama alifika, sikumfuatilia. Siku hizi mchango ukija kwa M-Pesa namuuliza mwenyewe niandike jina la nani, na kwenye kikao orodha tunaisoma yote kwa sauti kabla ya sala ya kufunga. Anayeisoma ni yeye.