Makala Niliyokataa Kuipunguza

Mwaka 1997 jarida moja la familia la Dar es Salaam lilitangaza kwamba linapokea makala kutoka kwa mababu na mabibi: tunaishije na wajukuu, tunawafundisha nini, yapi tungependa wazazi wao wayajue. Masharti yalikuwa mepesi. Maneno yasizidi 800, mwandiko usomeke, karatasi iandikwe upande mmoja tu. Tangazo lilipambwa kwa picha ya bibi mwenye miwani, mjukuu yuko mapajani, na nyuma yao baba na mama wanatabasamu. Kwetu Muleba, nyumba zilizokuwa zimetimia namna ile zilikuwa za kuhesabu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu, Kagera, mwaka 1983. Wakati ule watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ulipobisha hodi kwangu, kila mtu alishajua ni nini, ila dawa za kurefusha maisha hazikuwepo. Serikali ilikuja kuanza kuzitoa bure mwaka 2004. Nilimzika mwanangu, nikamzika na mkewe, wajukuu wakabaki mikononi mwangu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimestaafu ualimu.

Aliyenishikisha kalamu ni mjukuu wangu wa pili. Wazazi wake walipokuwa hai, wakija likizo kutoka Mwanza, yule mtoto alikuwa mume wangu. Utani wa bibi na mjukuu nani asiyeujua? Hajashuka vizuri kwenye gari namdaka: "Mume wangu, umeniletea nini? Au umeshaoa huko mjini?" Naye anajibu kwa majigambo kwamba kitenge alininunulia, bahati mbaya wezi wamekichukua njiani. Akiharibu kitu alikimbilia mgongoni kwangu, na baba yake hakuthubutu kumgusa. Hiyo ndiyo nafasi ya bibi tangu enzi: mzazi anafinya, bibi anapoza. Sasa mzazi hayupo, nani afinye?

Nikafinya mimi. Nikawa mkaguzi wa madaftari, mtafutaji wa ada, mwenye fimbo. Sioni kwamba ningeweza kufanya vingine. Watoto wasio na wa kuwakemea wanaharibika mchana kweupe.

Jioni moja, msimu wa senene, tulikaa barazani tunanyonyoa mabawa na miguu, beseni katikati yetu. Miaka ya nyuma kazi hiyo haikwenda bila vicheko. Nikamtania, "Mume wangu, hao unaowaficha mfukoni unampelekea mke mwenzangu?" Mtoto akaacha kazi. Akasimama, akageuza mifuko yote miwili ya kaptula nje, kitambaa cheupe kikaning'inia, akasema, "Sijachukua kitu, bibi." Alikuwa anajitetea.

Usiku ule, walipolala, niliwasha koroboi nikaandika. Sikuandika jinsi ya kumlea mjukuu. Hayo mabibi hawafundishwi na jarida. Niliandika kwamba mtoto aliyefiwa na wazazi amepoteza watu watatu, kwa sababu bibi naye hageuki mzazi ila kwa kuacha ubibi. Nikaweka senene, nikaweka mifuko, nikautaja ugonjwa kwa jina. Mwalimu mwenzangu alikuwa anapanda meli Kemondo kwenda Mwanza, nikampa bahasha akaiposti huko. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu MV Bukoba izame, Mei 1996, na abiria bado walikuwa wakiagana na ndugu zao bandarini kama watu wasiojua kama wataonana tena.

Jibu la mhariri lilikuja kwa mashine ya chapa, la adabu kabisa. Makala ni nzuri, alisema, lakini ni nzito. Ukurasa ule wameukusudia kuwaburudisha wasomaji. Akaomba niwaruhusu waondoe habari za ugonjwa na vifo, wabakize utani.

Nililia kidogo, nisiseme uongo. Kisha nikamwandikia: "Ndugu Mhariri, ukiondoa vifo, msomaji hataelewa kwa nini mtoto amegeuza mifuko. Mimi nimefundisha watoto kuandika insha maisha yangu yote, na hapo ningeweka alama ya kuuliza. Kama ukurasa hauna nafasi ya mambo haya, nirudishie karatasi zangu, stempu nimeambatanisha." Nilikuwa nawafikiria mabibi wa vijijini kwetu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake ambaye wajukuu wameanza kumwogopa. Hao ndio waliokuwa wasomaji wangu.

Makala ilitoka nzima. Walibadilisha kichwa cha habari tu.

Baada ya hapo barua zikaanza kuja kwa kupitia jarida. Nyingine zilikuwa za pole, nikazishukuru. Iliyonikalisha chini ilitoka Makete, wakati huo mkoa wa Iringa, kwa babu mmoja ambaye naye alikuwa analea wa marehemu wanawe. Huko nako ule ugonjwa ulifagia. Hakunipa pole. Aliandika kwamba yeye na mzee jirani yake walishagundua jambo lile lile, wakaamua kubadilishana: wajukuu wa huyu wanakwenda kutaniwa na kudekezwa kwa yule, na wa yule wanakuja kwa huyu. "Nyumbani kwangu mimi ni baba," aliandika, "ila ng'ambo ya bonde nina wake watano wadogo, wananisumbua kweli kweli."

Nilimsomea barua ile jirani yangu wa kibanja cha pili, ambaye hali yake na yangu zilikuwa moja. Hatukujadiliana sana. Jumamosi iliyofuata wangu walikwenda kwake, wake wakaja kwangu, na kabla ya adhuhuri nilishadaiwa mahari na kitoto cha miaka minne. Wangu walirudi jioni wamekula miwa mpaka midomo imechubuka, wanabishana nani kati yao ndiye mume halali wa bibi wa jirani. Mume wangu wa zamani ndiye aliyekuwa anapiga kelele kuwapita wote.

Nikamwandikia mhariri makala ya pili, kuhusu mpango huo na yule babu wa Makete. Hiyo hakuniomba niondoe kitu. Aliniuliza tu kama wazee wengine wanaweza kuniandikia moja kwa moja, nikampa namba ya sanduku langu la posta.