Tangi, tokeni na dozi ya saa kumi alfajiri: kwa familia ya umisheni inayohamia Kisumu

Familia ya umisheni inapoagwa kanisani kwao, maombi hugusa mambo mazito: safari, mioyo migumu, vita vya kiroho. Hakuna anayeombea tangi. Lakini kinachowachosha wengi kabla mwaka haujaisha ni mfereji uliokauka siku ya tatu, friji iliyoungua, na mtoto aliyeamka na homa wakati baba yuko semina Siaya. Haya ni kwa wanaokuja kupanga nyumba Kisumu, na wanaopelekwa Nakuru pia, maana miji hii miwili haisumbui kwa namna moja.

Tuanze na maji. Watu watano wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku ni lita 200, kwa hiyo tangi la lita 1,000 litawafikisha siku tano tu. Kama uwanja unatosha, chukueni la lita 2,000. Kosa linaloonekana mara nyingi liko chini ya tangi lenyewe. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na fundi anayetaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana atawawekea mbao nne na misumari. Jukwaa liwe la zege au la chuma kilichochomelewa, juu yake pawe tambarare, na kitako chote cha tangi kikae ndani. Kitako kikizidi ukingo hata kwa upana wa kiganja, plastiki hukunjika pale pale na kupasuka, tena siku ambayo tangi limejaa.

Mvua ni maji ya bure, na hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,200. Toeni moja ya tano inayoruka na kuvuja, mnabaki na 960. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwageni, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Maji ya kunywa yakiwa na tope, yachujeni kwa kitambaa safi ndipo myachemshe au myatie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha msubiri nusu saa. Klorini ikikuta tope, humalizwa na uchafu kabla haijafikia vijidudu.

Nakuru ni habari nyingine. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha hakusaidii, mvuke unatoka, floraidi inabaki na inazidi kukolea. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka ndani ya ufizi: yakichomoza yana madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Dawa yake ni maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, au kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho lazima mkaa wake ubadilishwe ukichoka. Kichujio cha kawaida cha mshumaa wa kauri kinatoa vijidudu, floraidi kinaipitisha. Wageni wengi hununua hicho cha pili wakalala usingizi.

Stima yetu ni volti 240. Kikaangio cha umeme kilichotoka Marekani kimeundwa kwa volti 120; ukikichomeka moja kwa moja kwa kibadilisha umbo la plagi tu, umekiaga. Friji nayo haiuawi na giza, inauawa na stima inaporudi kwa kishindo. Wekeni kilinda friji, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, na kama hamna, mmoja wenu awe na mazoea ya kuichomoa mara tu taa zinapozimika. Tokeni, ile namba mnayoiingiza kwenye mita ili mpate stima mliyolipia, ni tarakimu 20, hununuliwa kwa M-Pesa. Namba ya mita iandikwe kwa kalamu nzito nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu siku ya kuitafuta mtakuwa gizani. Na kabla ya kutia sahihi mkataba, ulizeni mwenye nyumba kama mita ni yenu peke yenu au mnachangia na jirani mwenye kinyozi.

Kibali cha kazi ya dini ni cha daraja la herufi I. Kiombwe mapema na kanisa linalowaalika. Kitakawia, kila hati iwe na nakala tatu, na tuachie hapo.

Sasa homa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na malaria yake ni kidogo. Kisumu iko 1,130 hivi, kando ya ziwa, na hapa malaria ni ya mwaka mzima. Mtoto aliyekulia nyanda za juu au ng'ambo hana kinga yoyote, hata kama baba yake alizaliwa Ahero, hapa karibu na Kisumu. Kila homa ipimwe siku hiyo hiyo. Msikisie kwa kupapasa paji la uso, wala msimpe dawa bila kipimo kwa kuwa wa jirani naye anaumwa. Na kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo homa ikirudi mapema, ombeni damu iangaliwe kwa darubini.

Vidonge vya AL, dawa ya malaria yenye artemether na lumefantrine (vya miligramu 20/120), ni dozi sita kwa siku tatu, kila dozi kwa uzito: kilo 5 hadi 14 kidonge kimoja, 15 hadi 24 viwili, 25 hadi 34 vitatu, 35 kwenda juu vinne. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, na hapo ndipo watu huanguka. Ukianza Jumatatu saa mbili usiku, ya pili ni saa kumi alfajiri, ya tatu Jumanne saa mbili usiku, kisha Jumatano asubuhi na usiku, na ya mwisho Alhamisi saa mbili asubuhi. Imezwe na kitu chenye mafuta: maziwa, parachichi, uji uliokorogwa na siagi ya njugu. Bila mafuta, dawa nyingi inapita tu. Akitapika kabla ya nusu saa, dozi inarudiwa. Kwa hiyo mzazi anakaa naye macho nusu saa hiyo ya alfajiri, na wengi huitumia kuomba. Haina kazi nyingine. Jumatano mtoto atakuwa anakimbia uani. Endeleeni hadi Alhamisi.

Akitapika kila kitu, akipata degedege, akilala asiamke, mkojo ukiwa mweusi kama soda, hiyo si ya vidonge. Ni hospitali, sasa hivi, kwa boda boda kama gari halipo.

Kuna wanaoona haya kumeza dawa baada ya kuombewa. Someni tena salamu za mwisho za Paulo kwa Timotheo: Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, na anaandika bila kuona aibu. Eliya naye alipotaka kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Wamisionari watatu wa dhehebu la Waquaker waliofungua kituo cha Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, mwaka mmoja baada ya reli kufika Kisumu, walikuja kuhubiri, lakini kazi ya mikono ilikuwa ndani ya mpango wao tangu mwanzo.

Mkiumwa, watu watakuja. Wataingia bila kupiga simu, watatu au watano, na paketi ya maziwa na sukari kilo moja. Wataimba, wataomba kwa Kiluo mkisikia jina la Nyasaye, yaani Mungu, mara kwa mara, kisha watakaa kimya. Kimya hicho kisiwatishe, wala msikijaze maneno. Hakuna anayesubiri ripoti ya ugonjwa. Chemsheni chai kwa yale yale maziwa waliyoleta. Wakiaga, mwenye nguvu kati yenu awasindikize hadi nje ya geti, hata hatua ishirini. Anayewaagia kitini huonekana amewafukuza.