Nilivyoigeuza tovuti ya wanachama kuwa apu bila kuandika kodi, ila pasiwedi ndo ilinitoa jasho

Naendesha tovuti ya masomo ya ushonaji, watu wanalipia kwa mwezi wanapata video na michoro ya kukatia ya PDF, wanachama kama 300 hivi. Kuandika kodi sijui kabisa, kodi ninayoijua mimi ni ile ya nyumba. Tovuti yenyewe ni WordPress, ule mfumo wa kutengenezea tovuti, na plagini ya uanachama, yaani kiongezi cha kusimamia wanachama, nilijifunza kwa kubofyabofya tu mpaka ikakaa sawa.

Kilichonisukuma ni meseji. Haikupita wiki bila mtu kuandika "Mwalimu samahani, mbona naambiwa niweke pasiwedi tena, juzi si niliweka?" halafu anamalizia na "kwani hatuna apu?" Nilikuwa najibu kiungwana, pole, bonyeza umesahau pasiwedi, yaishe. Mpaka siku moja dada mmoja akanitumia sauti, cherehani inasikika kabisa, anasema yuko katikati ya kuweka zipu, mkono mmoja umeshika kitambaa kisiteleze, mwingine una pini, amegusa simu arudishe video nyuma kidogo na simu inamdai pasiwedi. Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana analipa kila mwezi huyu.

Nikaanza na ya bure. Unaweza kuifanya tovuti yenyewe ikae kwenye skrini ya simu kama apu, wanaita PWA, unaweka plagini inakutengenezea faili lenye jina na ikoni za saizi 192 na 512, kazi imeisha. Kwenye Android mtu anaona kitufe cha kusakinisha anabonyeza. Kwenye iPhone sasa, ubonyeze ile alama ya kushea, ushuke ushuke utafute sehemu ya kuongeza kwenye skrini ya mwanzo, na notifikesheni zinamfikia aliyefanya hivyo tu tena awe na iOS, mfumo wa iPhone, toleo la 16.4 kwenda juu. Nilirekodi video ya sekunde 40 nikiwaonyesha hatua kwa hatua, wakaiangalia vizuri, wakashukuru, wakauliza "sasa iko Play Store?" Hadi wenye iPhone waliuliza hivyo hivyo. Nikajua hawa bila duka hawataiita apu.

Basi nikahamia kwenye zile huduma za kulipia, unawapa linki ya tovuti wanakurudishia apu. Ziko nyingi, Median, MobiLoud na wenzao, na kuna PWABuilder ya Microsoft ambayo ni bure na inakupa faili la Play Store ila upande wa iPhone utahitaji Mac. Nilikaa siku mbili nikilinganisha na ukweli ni kwamba ndani zinafanana sana, apu inafungua dirisha la brauza lisilo na sehemu ya kuandika anwani, na humo imo tovuti yako ile ile. Nikachagua moja, nikaweka linki, rangi, ikoni, menyu ya chini yenye vitufe vinne, mchana mmoja tu nikawa nimeshika apu yangu mkononi najiona mtu. Nikaifungua.

Ikaniomba pasiwedi. Sawa, mara ya kwanza, nikaweka. Baada ya siku mbili ikaniomba tena.

Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye tovuti na apu imeurithi. WordPress ukiingia bila kuweka tiki pale kwenye "Nikumbuke" inakukumbuka siku 2 tu, ukiweka tiki ni siku 14, na hakuna mtu anayewekaga hiyo tiki, mimi mwenyewe mwenye tovuti sikuwahi. Nikatafuta plagini inayoweka tiki yenyewe na kurefusha muda hadi mwaka mzima, dakika 10 imeisha. Yaani meseji za miaka miwili, dakika 10. Ningeweza hata kuishia hapo nikaachana na apu ila nilikuwa nimeshalipia huduma, na wale watu nimeshawaahidi.

Nikaja kugundua la pili. Nilikuwa na kitufe cha kuingia kwa Google, kwenye brauza kinafanya kazi safi, ndani ya apu kinaleta ukurasa wa kukataa umeandikwa 403, namba ya kosa ya kusema huruhusiwi. Nilihangaika nacho usiku kucha nikidhani nimekosea mpangilio, wala. Google hawaruhusu mtu aandike pasiwedi yake ya Google ndani ya dirisha la apu ya mtu mwingine, na ukifikiria ni haki kabisa, mwenye apu angeweza kuchungulia. Nikakiondoa. Sasa waliojisajili kwa Google hawana pasiwedi ya kwangu hata moja, wanaingiaje? Nikasema rahisi, nitawatumia linki kwenye imeili wabonyeze waingie. Wakabonyeza, linki ikafunguka kwenye brauza, wakaingia vizuri sana kwenye brauza, wakirudi kwenye apu iko vile vile inawasubiri. Kuki, zile kumbukumbu ndogo zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia, za brauza na za apu ni mbali mbali, hazijuani. Ikabidi nibadilishe iwe namba ya tarakimu 6, mtu anaisoma kwenye imeili anakuja kuiandika kwenye apu. Hiyo ndo ikakubali, ikumbuke hiyo namba maana itarudi kuniumbua.

PDF nazo zilinisumbua kidogo, kwenye iPhone zinafunguka, kwenye Android unabonyeza mchoro wa sketi hakitokei kitu, kimya, kwa sababu lile dirisha la ndani la Android halina uwezo wa kuonyesha PDF. Kwenye mipangilio ya huduma kulikuwa na sehemu ya kuamuru mafaili yashushwe kwenye simu badala ya kufunguliwa hapo hapo, nikawasha.

Play Store ni dola 25 unalipa mara moja. Ila kama akaunti ni ya mtu binafsi na umeifungua baada ya tarehe 13 Novemba 2023, kabla ya kuachia apu kwa umma lazima uwe na watu 12 wa kuijaribu, wawe wamejiunga siku 14 mfululizo. Zamani ilikuwa 20. Nimeona watu wanalia sana na hili, wanatafuta hadi watu wa kuwalipa, mimi nilikuwa na wanachama, nikatangaza asubuhi jioni wamefika 12 kamili nikafunga orodha kwa mbwembwe. Siku ya 9 mmoja akajitoa, alidhani akishaijaribu kazi yake imekwisha, tukabaki 11 na hesabu ikaharibika. Raundi ya pili nilichukua 25. Na wale watu wamenisaidia kuliko nilivyotegemea, mmoja ndo aliyeona kwamba akizungusha simu video inarudi mwanzo, mimi nisingeona maana huwa sizungushi.

Apple ni dola 99 na ni kila mwaka, na akaunti fungua kwa jina lako mwenyewe usikubali huduma ipeleke kwa akaunti yao, kanuni zao zinasema apu iliyotengenezwa kwa mashine za namna hii lazima ipelekwe na mwenye maudhui. Halafu kuna suala la hela. Ukiuza uanachama wa kidijitali ndani ya apu ya iPhone, kwa kawaida wanataka malipo yapite kwao, wanakata asilimia 30, au 15 kama uko kwenye mpango wao wa biashara ndogo wa mapato chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Mi nilipiga hesabu nikaona hapana. Apu za video, vitabu, magazeti na kadhalika zinaruhusiwa kumfungulia mtu kile alichokwisha kulipia kwingine, hivyo nikaenda njia hiyo, ndani ya apu nikaficha ukurasa wa bei, kitufe cha kujiunga, hadi sentensi moja kwenye ukurasa wa msaada iliyokuwa inasema lipia kwenye tovuti. Ukifungua apu unakuta sehemu ya kuingia, hakuna kingine. Mgeni asiye mwanachama akiishusha hataelewa chochote, najua, sikuitengeneza kwa ajili yake.

Nikaituma. Ikarudi. Sababu, mkaguzi wa Apple, yule anayeipitia apu kabla haijaingia dukani, ameshindwa kuingia. Nikasema haiwezekani, akaunti ya majaribio nimeitengeneza mwenyewe na nikaweka maelezo. Nikafungua imeili yangu, nakuta namba za tarakimu 6 zimepangana kama nne hivi. Masikini mkaguzi wa watu alikuwa anaomba namba zinakuja kwangu, mimi nimelala. Kosa langu mia kwa mia. Nikamtengenezea akaunti moja yenye pasiwedi ya kawaida isiyoulizwa namba, nikaituma tena.

Ikarudi tena, safari hii akaingia, akaona, akasema hii ni tovuti tu. Ni kanuni ya 4.2, apu iwe na kitu zaidi ya tovuti iliyofungashwa, na kusema kweli hakukosea. Nikawasha notifikesheni za somo jipya, nikaweka michoro isomeke hata bila intaneti, menyu ya tovuti nikaificha ibaki ile ya chini ya apu, nikaandika maelezo marefu kwa mkaguzi nikimwonyesha vitu hivyo viko wapi. Ya tatu ikapita.

Toka nianze mpaka iko kwenye maduka yote mawili ni kama wiki tisa, na kutengeneza apu yenyewe humo ndani ni ule mchana mmoja. Meseji za pasiwedi zimekata. Isipokuwa juzi yule dada wa zipu kaniandikia, kabadilisha simu, kaishusha apu upya, "Mwalimu samahani, hivi pasiwedi yangu ilikuwa nini? Muda mrefu sijaulizwa."