Gesti ya kwenda na watoto Kilwa Masoko

Wanangu walitaka Dar. Wenzao wa shule wamewasimulia mabwawa ya Kunduchi yenye mabomba marefu ya kuteleza, na likizo ya Juni ilipokaribia nyumba nzima haikuwa na wimbo mwingine. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: nauli ya watu sita kutoka Lindi, viingilio, kisha chumba karibu na mabwawa yenyewe. Sehemu za starehe za namna hiyo, chumba kikiwa jirani na geti kinapanda bei kwa sababu ya geti, na maji ya kunywa nayo yanapanda. Nikawaambia watoto tunakwenda Kilwa. Wakanuna mpaka nilipowatajia boti.

Kilwa iko ndani ya mkoa wetu, na bado nina majirani wengi hapa Lindi mjini ambao hawajawahi kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, ng'ambo ya Kilwa Masoko. Wanasema ni kwa wazungu. Si kweli, na ndiyo sababu naandika. Ukipata pa kulala panapofaa familia, safari hii inawezekana kwa mwenye kipato cha duka dogo kama sisi.

Tulikuwa mimi, mama yangu mzazi na watoto wanne. Mume wangu alibaki na duka. Mama ana magoti mabaya. Yeye ndiye aliyeamua mambo mengi bila hata kusema neno, maana chumba kinachomfaa bibi mwenye magoti na mtoto wa miaka minne kinamfaa mtu yeyote.

Masoko ni mji mdogo. Upande wa ufukwe wa Jimbizi kuna hoteli za kitalii, baadhi zinataja bei kwa dola. Ni nzuri, na wenye uwezo waende. Upande wa sokoni na stendi ndiko kwenye gesti zetu za kawaida. Wengi wakifika wanashika ya kwanza yenye bei ndogo. Mimi naomba mama mwenzangu asiangalie bei ya usiku mmoja peke yake. Angalia hela yote itakayotoka mfukoni tangu mnashuka basi hadi mnapanda la kurudi. Chumba cha elfu ishirini kilicho mbali na gati, kisicho na chai wala pa kupikia, kitakula bajaji asubuhi, bajaji jioni, na sahani sita za chakula mara tatu kwa siku. Chumba cha elfu thelathini na tano ambacho unatoka kwa miguu hadi sokoni na hadi gatini, huku mwenye nyumba anakuruhusu kuinjika chungu uani, kinakuja kuwa rahisi kuliko hicho.

Jambo la kwanza la kuuliza kwenye simu ni kama wanatoza kwa chumba au kwa kichwa. Nilipiga gesti kadhaa. Moja wakaniambia kila mtoto anahesabika mtu mzima, hata yule mdogo. Sikubishana, nikashukuru. Nyingine akapokea dada mmoja ambaye kabla ya kunitajia bei aliniuliza, "Mama, watoto wana umri gani, na bibi anaweza ngazi?" Hapo hapo nikajua nimefika. Vyumba viwili vilivyotazamana, chini, hakuna ngazi. Godoro la ziada sakafuni bila malipo. Choo cha kukaa katika chumba cha mama. Hilo la choo usione haya kuliuliza. Gesti nyingi zina vya kuchuchumaa, na mzee wa magoti hawezi, ataanza kujizuia kunywa maji ili asiende, na kwa joto la pwani hiyo ni hatari.

La pili ni kelele. Gesti nyingi zinaishi kwa baa, na anayejibu simu mchana atakwambia ni patulivu, na mchana ni patulivu kweli. Piga Jumamosi saa tatu usiku. Usiulize chochote kuhusu muziki, uliza tu kama kuna nafasi, kisha usikilize kilicho nyuma ya sauti yake. Kwa njia hiyo niliacha gesti mbili ambazo picha zake zilikuwa zinavutia sana.

Maji: uliza kama wana simtanki na kama linajaa. Bomba la chumbani linaweza kukauka siku yoyote, na watoto waliotoka baharini wakilala na chumvi mwilini mtakesha wote mkijikuna. Umeme nao hukatika, ila feni ikizimika watu bado wanalala. Maji yakikosekana hakuna raha.

Chandarua nitakisema kwa nguvu. Huku kusini malaria si ya kufanyia mzaha. Gesti karibu zote zina neti juu ya kitanda, lakini neti ile ni ya kitanda. Watoto waliolala kwenye godoro la sakafuni hawamo. Beba neti yako kutoka nyumbani na kamba ya manila mita kadhaa, funga kwenye nondo za dirisha na kwenye mlango wa kabati. Angalia pia kama neti ya kitandani ina matundu kabla hujalipa, wakati bado wana hamu ya kukubadilishia.

Chakula ndicho kilichotuokoa. Asubuhi mapema nilikwenda sokoni na binti yangu mkubwa, tukanunua changu na nazi, mwenye gesti akatupa jiko la mkaa na sufuria kwa ada ndogo. Wali, mchuzi wa nazi, bamia. Mama alikaa kwenye mkeka uani akiwapigia soga wahudumu, ambao kila mmoja alipita akimwambia shikamoo bibi, na siku ya pili mmoja wao akamletea ming'oko, mizizi ya porini ya huku kusini, ya kuchemsha kutoka kwao. Huduma ya namna hiyo haimo kwenye orodha ya bei.

Ukaribu na gati una sababu yake. Miezi ya kusi upepo unazidi kadiri jua linavyopanda, na mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani unachafuka. Si mbali, kisiwa unakiona kwa macho, lakini ukiwa na watoto unataka kuvuka asubuhi maji yakiwa yametulia. Sasa, chai ya gesti nyingi inaanza saa moja, wakati huo mnatakiwa mmeshakaa botini. Nilimwomba dada wa mapokezi tangu jioni, akatuwekea chai kwenye chupa na vitumbua kwenye hotipoti. Kibali cha kuingia magofuni nilikuwa nimekishughulikia siku iliyotangulia ofisini palepale Masoko. Magofu sasa yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na raia analipa kiwango chake, si cha mgeni wa nje. Beba kitambulisho cha NIDA. Boti patana bei ya chombo kizima kwenda na kurudi, na msipande kabla kila mtoto hajavaa jaketi la kuokolea linalomkaa.

Kisiwani hakuna bembea wala bomba la kuteleza. Kuna Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani zaidi ni ya karne ya 11, na watoto wangu walikimbia kati ya nguzo zake mpaka wakachoka. Kuna Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno walipouteka mji mwaka 1505. Kuna Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali, lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Mwanangu wa darasa la tano aliposikia kwamba sarafu za shaba zilizofuliwa hapa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia, aliinamisha kichwa akatafuta chini siku nzima. Hakupata, na kama angepata ningemwambia airudishe, kwa kuwa hii ni mali ya wote. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na msikiti, ni mwendo wa miguu juani. Mama hakwenda. Alibaki kijijini kivulini na wanawake wa pale, na tuliporudi alikuwa ameshajua nani kaolewa wapi. Kwa hiyo mwenye mzee apange hivyo tangu mwanzo: mzee aone msikiti na Gereza, vijana waende kasri. Maji ya kunywa bebeni kutoka Masoko.

Tulirudi gesti mchana, watoto wakaoga kwa ndoo uani wakipigiana kelele, wakalala mpaka alasiri ikaadhiniwa. Jioni Jimbizi, ambako maji yakipwa inabidi utembee mchangani kuyafuata, kwa hiyo uliza wavuvi saa ya kujaa kabla hujawavalisha watoto nguo za kuogelea.

Mwakani nataka Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu. Huko boti ni ya saa nyingi zaidi na inafuata maji, kwa hiyo safari hiyo nitatafuta nahodha kwanza, anitajie saa ya kuondoka, ndipo nimpigie dada wa gesti kuuliza kama anaweza kutufungulia geti alfajiri.